Muulize Mzee wa Makombe: "Nimeuziwa kombe la Lamu, shemeji anabisha"

Mwezi huu barua za abaloni zimezidi hata za kauri. Kwa asiyemjua, abaloni ni konokono wa baharini mwenye kombe bapa la umbo la sikio, safu ya matundu ubavuni, na ndani lulumizi inayochezacheza rangi. Duniani wako wa aina zaidi ya 50, wote wa ukoo mmoja uitwao Haliotis. Ujanani nilikuwa nachambua makombe kwenye stoo ya mfanyabiashara mmoja hapa Mombasa. Magunia yalikuja kutoka kila bahari, na kazi yetu ilikuwa kutenganisha aina kwa aina kabla bei haijapangwa. Makombe haya nimeyajua kwa vidole kwanza, vitabu vikafuata.

Shikamoo Mzee. Nimenunua kombe kwenye duka la vitu vya kale ili niwekee sabuni bafuni. Nimelipima kwa rula, lina sentimita 19. Ubavuni lina matundu yaliyojipanga mstari. Nje ni jekundu la tofali lenye ukoko mweupe mgumu, ndani linang'aa rangi zote, na katikati pana kiuvimbe. Muuzaji kaapa kuwa limetoka Lamu. Shemeji yangu aliyekuwa baharia anasema ni abaloni wa Australia. Jirani anasema ni chaza wa lulu. Nataka kuliloweka kwenye siki ukoko utoke, ila kwanza nijue ni kitu gani. Picha tatu nimeambatanisha. — Mama wa Likoni

Marahaba mwanangu. Siki irudishe jikoni. Kombe ni chokaa, na siki inakula chokaa. Itaanza na ukoko, kisha ile rangi nyekundu ya nje, na hapo utakuwa umefuta ushahidi wote. Mgongo wa kombe ndio unaosema limetoka wapi. Ndani kila abaloni anang'aa, na mng'ao huo ndio unaowapumbaza wanunuzi.

Jirani tummalize haraka. Chaza ana pande mbili zinazofunga na kufunguka. Huyu wako ana kombe moja tu, na picha ya pili inaonyesha wazi msokoto mdogo pembeni, pale alipoanzia akiwa mchanga. Ni konokono.

Lamu nayo hapana. Abaloni wapo kwenye miamba yetu, lakini ni wadogo, wa kukaa kwenye kidole. Kombe la sentimita 19 halijawahi kuota Lamu wala popote kati ya Kismayu na Mtwara. Wauza mapambo wana tabia hii: kitu kikishalala dukani mwao miaka, kinapewa uraia wa hapa. Mtalii anapenda kusikia Lamu, basi anaambiwa Lamu.

Sasa kazi yenyewe. Weka kombe mezani, mgongo juu, upande wenye msokoto ukuelekee wewe. Matundu yatakuwa kushoto kwako. Chukua njiti ya chelewa uijaribu kwenye kila tundu, ukianzia mbali, kule kwenye ukingo, ukirudi kuelekea msokoto. Hesabu yale tu ambayo njiti inapita hadi upande wa pili. Kwenye picha yako naona vinundu vingi mstarini, lakini baada ya cha nne naamini njiti itagoma. Yale ya nyuma yamezibwa.

Yamezibwa na mwenyewe. Abaloni huvuta maji kwa mbele, chini ya kombe, yakapita kwenye mashavu yake ya kupumulia, kisha yakatokea matunduni pamoja na uchafu wake. Wakati wa kuzaana, mbegu na mayai hutokea huko huko. Kombe linapokua, ukingoni huanza pengo dogo, pengo linazungukwa linakuwa tundu jipya, na tundu kuukuu la nyuma linazibwa kwa lulumizi kutoka ndani. Kwa hiyo idadi ya matundu yaliyo wazi haipandi kila mwaka kama watu wanavyodhani. Hubaki ndani ya kiwango cha aina yake, na ndiyo maana inatusaidia.

Vile vitundu vidogo vitatu katikati ya mgongo, nje ya mstari, usivihesabu. Hivyo ni kazi ya watoboaji: sifongo za bahari, minyoo, na chaza wadogo wanaochimba makombe ya wenzao. Kile kiuvimbe cha ndani pia kimetokana nao. Mtoboaji alipokaribia kufika mwilini, abaloni akampaka lulumizi tabaka juu ya tabaka hadi akamfungia nje. Ukigeuza kombe utaona tundu lake liko karibu usawa na kiuvimbe.

Matundu manne yaliyo wazi yanamwondoa shemeji kwenye mashindano, ingawa hakukosea bure. Kusini mwa Australia yupo abaloni mkubwa, Haliotis rubra, na mgongo wake nao una wekundu wa kahawia. Lakini matundu yake yaliyo wazi kwa kawaida ni sita na kuendelea. Yupo mwenzake, Haliotis laevigata, mwenye mgongo laini zaidi na matundu mengi kuliko hayo. Baharia aliangalia rangi akaishia hapo.

Rangi ni shahidi dhaifu. Abaloni hula mwani, na rangi ya chakula huingia kwenye kombe. Akila mwani mwekundu anajenga kombe jekundu, akihamia mwani wa kahawia ukanda unaofuata unatoka umepauka. Wanaofugwa kwenye matangi huonyesha jambo hili waziwazi, maana mgongo wao mara nyingi ni wa kijani au buluu iliyofifia, na anayezoea wa porini hawezi kuamini kuwa ni aina ile ile. Kwa hiyo nikiandikiwa tu "ni jekundu" sijibu.

Wako namtafuta pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, kwenye maji baridi. California peke yake ina aina saba, na mmoja wao ndiye abaloni mkubwa kuliko wote duniani: Haliotis rufescens, abaloni mwekundu. Rekodi yake inapita sentimita 31. Huyu huwa na matundu matatu au manne yaliyo wazi, yenye umbo la yai, yaliyoinuka kidogo tu. Anayeweza kutuchanganya kwa hesabu ni abaloni wa waridi, Haliotis corrugata, mwenye mawili hadi manne. Hapo weka njiti chini, tumia kidole. Matundu ya yule wa waridi yamebinuka juu kama mdomo wa chungu, mgongo wake umeinuka sana, na umejaa makunyanzi yanayokwenda mshazari hadi ukingo unakuwa wa mawimbi. La kwako, picha ya kwanza, limelala, na makunyanzi hayo hayapo. Lina mikwaruzo tu ya ukuaji na mabonde mapana.

Halafu kuna alama mbili ambazo stoo tulikuwa tunamaliza nazo ubishi. Geuza kombe. Ukingoni, hasa upande wa kulia, tabaka la nje limechomoza kidogo kuipita lulumizi, likaacha uzi mwekundu mwembamba umezunguka. Katikati, palipoinuka, pana eneo kubwa la duara lenye mikwaruzo na rangi za kijani, waridi na shaba. Lile ni kovu la msuli. Msuli ule ndio uliokuwa unamshikilia mwambani, na kwa abaloni mwekundu kovu lake ni kubwa na halijifichi. Uzi upo, kovu lipo, matundu manne, sentimita 19. Huyu ni rufescens, na sina wasiwasi naye.

Naweza hata kukisia umri wa safari yake. California ilifunga uvuvi wa kibiashara wa abaloni mwaka 1997. Waliobaki kuruhusiwa ni wapiga mbizi wa kujifurahisha wa kaskazini, bila mitungi ya hewa, kwa sharti kombe lifike inchi 7, karibu sentimita 18. La kwako lingepita kwenye kipimo hicho. Uvuvi huo nao ukafungwa 2018. Kuanzia 2013 viti vya pweza, wale wanyama wa baharini wenye umbo la nyota, waliugua wakafa kwa wingi, bahari ikapata joto kali lisilo la kawaida kati ya 2014 na 2016, na viumbe vya miiba ambavyo viti vya pweza walikuwa wanavila vikaongezeka kupita kiasi. Vikala mwani wote. Huko kaskazini zaidi ya 90% ya msitu wa mwani ilitoweka, na abaloni wakafa kwa njaa wamekaa kwenye mwamba mtupu. Wa kufugwa huuzwa wakiwa wadogo kwa mbali kuliko huyu. Kwa hiyo uwezekano mkubwa ni kwamba lako lilitoka majini zamani, likazunguka kwenye masanduku ya wafanyabiashara hadi kuangukia bei uliyopewa.

Kulisafisha: maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, mswaki mgumu. Ukoko unaong'ang'ania uache. Mtu akikwambia alipige msasa, mwambie afanye kwa maji na afunike pua, kwani vumbi kavu la makombe ni baya kwa mapafu. Kuwekea sabuni linafaa sana. Matundu manne yatachuja maji yenyewe.

Mzee, salaam kutoka Cape Town. Natembea ufukweni Jumapili na huokota makombe matupu. Haya mawili yana matundu ubavuni. La kwanza ni kubwa, zito, limekunjamana. La pili lina sentimita 6, ni laini na la kahawia. Mwenzangu ninayeishi naye anasema la pili ni mtoto wa la kwanza. Ni kweli? — Kijana wa Tanga, ughaibuni

Si kweli. Hao ni majirani, hawana undugu wa baba na mwana.

Kubwa ni Haliotis midae, ambaye hapo mlipo watu wote wanamwita perlemoen. Huwezi kumkosea ukimshika: mgongo umejaa mikunjo minene iliyosimama, inayokatiza kuelekea ukingoni. Anaweza kupita sentimita 20. La pili ni Haliotis spadicea. Mgongo wake ni mlaini ukilinganisha, umbo limerefuka kidogo, na ukubwa wake huishia kwenye sentimita 8 hivi. Fanya jambo moja: ligeuze, lielekeze kwenye mwanga, uchungulie ndani kabisa chini ya msokoto. Utaona doa jekundu la shaba. Perlemoen hana doa hilo, awe mdogo awe mkubwa.

Siku moja utaokota la tatu, dogo zaidi, sentimita 4 hivi, lenye tuta moja lililosimama sambamba na mstari wa matundu. Huyo ni Haliotis parva. Tuta lile linatosha, usihangaike na kingine.

Hukuuliza, lakini nasema: aliye hai usimguse, na nyama usikubali kubeba hata kwa rafiki. Afrika Kusini iliwafungia wavuvi wa kujifurahisha perlemoen tangu 2003, na wizi wake ni biashara kubwa inayopeleka nyama kavu Hong Kong. Vijana wetu wengi wasio na makaratasi hutafutwa kwa kazi za kubeba. Na perlemoen mwenyewe ana shida nyingine juu ya wizi: watoto wake hujificha chini ya viumbe vya miiba, na kamba koche walipohamia kwa wingi upande wa mashariki mwa rasi miaka ya 1990, waliwala wale wenye miiba wakawaacha watoto bila paa.

Shikamoo Mzee. Mimi niko Salalah, Oman, baba yangu mzaliwa wa Unguja. Mjomba ameniletea kombe kutoka Mirbat, sentimita 10. Kwenye intaneti nimeona picha za California, nikadhani ni mdogo wa wale. — Bint wa Dhofar

Marahaba binti. Wewe una kitu ambacho California hawana. Huyo ni Haliotis mariae, wanayemwita hapo sufaila, na makao yake ni kipande hicho cha Bahari ya Arabu, pwani ya Dhofar. Pitisha kucha mgongoni kutoka ukingo wa kulia kwenda kwenye matundu. Itaruka ruka juu ya matuta manene ya mviringo, yanayofuata msokoto kuanzia ncha hadi ukingoni. Abaloni mwekundu hana matuta ya namna hiyo.

Watu hushangaa abaloni mkubwa anaishije kwenye joto la Oman. Jibu ni kharif mnayoijua nyie. Pepo za msimu zinasukuma maji ya juu, maji baridi ya chini yanapanda na rutuba yake, mwani unaota kwa wingi, na abaloni anapata chakula. Kipimo cha kuvua huko ni milimita 90, kwa hiyo la mjomba limepita.

Mzee wa Makombe, mimi ni muuguzi San Diego. Nyumba niliyopanga ina makombe kadhaa ya zamani yamepangwa kwenye ua. Nimehesabu matundu kwa njia uliyowahi kutufundisha: moja lina sita, jingine lina sita. Moja ni jeusi, jingine kama kijani. Ni aina moja?

Sita kwa sita, na bado ni wawili tofauti. Hapo ndipo hesabu inapofika mwisho wake.

Lile jeusi nadhani ni Haliotis cracherodii. Mgongo wake ni laini, na matundu yake hayakuinuka hata kidogo, kidole kinateleza juu yake. Ndani ni fedha iliyopauka, na kwa kawaida kovu la msuli halionekani. Lile jingine, kama kidole kinahisi mistari mingi ya chini chini inayofuata msokoto, na ndani kuna kijani na buluu kali pamoja na kovu kubwa, basi ni Haliotis fulgens, abaloni wa kijani. Makombe yaliyokaa uani juani hupauka yote yakafanana kwa nje, kwa hiyo mgeuzie yule wa pili tumbo kabla hujaamua.

Hilo jeusi litunze ndani ya nyumba. Tangu miaka ya 1980 ugonjwa wa kusinyaa ulimaliza abaloni weusi kusini mwa California: mguu unakonda, msuli unalegea, anadondoka mwambani. Serikali ya Marekani ilimweka kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka mwaka 2009. Mwenzake mweupe, Haliotis sorenseni, alitangulia kuingia mwaka 2001, na alikuwa wa kwanza kati ya viumbe vya baharini visivyo na uti wa mgongo kuwekwa humo.

Nina abaloni mkubwa. Bei gani? — Msomaji, Dar es Salaam

Sijui ni aina gani, sijui ana urefu gani, sijui ametoka wapi, na bei sitoi.

Shikamoo Babu. Bamvua iliyopita nilikuwa napwaa na bibi huku Pemba. Nilipogeuza jiwe nilikuta kidude kimejibana, kina kombe dogo lenye vitundu. Nikakipiga picha nikakiacha. Je, huyo naye ni abaloni? — Mwanafunzi wa kidato cha pili

Marahaba mjukuu wangu. Ndiye, na umefanya vizuri kumwacha. Abaloni wetu hushinda wamejificha chini ya mawe na kwenye nyufa za matumbawe yaliyokufa, usiku ndio hutoka kula. Ndiyo maana wapwaji wengi wamezeeka bila kumwona.

Picha yako imetoka na kivuli, lakini naona mgongo una vipele vipele. Hiyo ni dalili ya Haliotis pustulata, anayepatikana kutoka Bahari ya Shamu kushuka hadi Msumbiji na Madagaska. Yupo mwingine mdogo kwenye maji yetu, Haliotis clathrata, ambaye mgongo wake una mistari inayokatana hadi ukaonekana kama wavu. Vipele au wavu: hilo ndilo ninalotaka uliangalie. Hesabu ya vitundu kwa wadogo kama hawa inapotosha, kwa kuwa vinasongamana na mchanga unaviziba.

Bamvua ijayo, ukimpata tena au ukapata kombe tupu, nipigie picha tatu mchana, jua likiwa pembeni si utosini: mgongo kutoka juu, ubavu wenye vitundu kutoka upande, na ndani. Weka rula kando ya kila moja. Aliye hai usimbandue ili upate picha ya ndani, kwa sababu damu yake haigandi na jeraha dogo la mguu linaweza kumuua. Picha mbili za kwanza zitatosha. Jiwe nalo lirudishe upande uleule lilivyokuwa.